Binti wa udaktari na mifereji ya Mwea

Ndugu zangu, binti akipata ufadhili wa kusomea udaktari, nyumba hupigwa vigelegele. Akisema mafunzo yatampeleka kijijini bara, wazazi hununa. Nitaje Kagio, mji wa soko katika Kaunti ya Kirinyaga, karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea.

Huko kichocho si hiki chetu cha kukojoa damu. Kichocho cha Mwea hukaa katika mishipa ya utumbo, na kikiachwa huharibu ini. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa mferejini, vikapenya ngozi ya mkulima asimamaye majini akipanda. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo. Lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena arudipo majini. Hilo mwanafunzi hulielewa kwa kuketi na watu, kunywa chai yao na kuuliza, kwa adabu, choo kiko wapi.

Imamu Ghazali katika Ihya aliihesabu tiba kuwa fardhi kifaya, akalalamikia miji isiyo na tabibu Mwislamu. Hata hivyo mama aulizaye “nani atamwangalia mwanangu?” hajakosea. Ada ikishalipwa, bado kuna chumba, nauli na futari ya Ramadhani ugenini. Naomba kamati za misikiti yetu zimtafutie binti familia ya kumpokea kabla hajapanda basi.