Pumzi Huwahi, Mifupa Huchelewa

Mtu anapoamua kwa mara ya kwanza kushiriki mbio ndefu, tuseme kilomita 21 za Mbio za Kilimanjaro zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, hujiuliza kwanza kama pumzi yake itatosha. Swali hilo si baya, lakini si kubwa kuliko yote. Pumzi hujirekebisha upesi. Mifupa huchelewa, na tarehe ya mbio yafaa ichaguliwe kwa kuifuata mifupa.

Katika siku chache tu za mazoezi, majimaji ya damu huongezeka, na moyo hupata damu nyingi zaidi ya kusukuma kwa kila pigo. Baada ya wiki kadhaa mitokondria, yaani vile viwanda vidogo ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kuzalisha nguvu, nazo huongezeka katika misuli. Mwanafunzi aliyekuwa akihema kwa kilomita mbili hujikuta, baada ya miezi miwili, akikimbia nane huku akizungumza na mwenzake. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Mfupa ni kitu hai. Ukipata kazi ambayo haujaizoea, seli za aina moja hubomoa sehemu zilizochoka, kwa muda wa wiki mbili tatu hivi. Kisha seli za aina nyingine hujenga upya, na ujenzi huo huchukua miezi mitatu au zaidi. Kwa hiyo katikati ya mazoezi mfupa huwa na vishimo vidogo vingi ambavyo havijazibwa, mfano wa nyumba iliyoezuliwa ikingoja makuti mapya.

Hebu tupige hesabu. Mkimbiaji wa kilo 60 anapokanyaga, ardhi humrudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake, yaani sawa na kilo 120 hadi 180. Kilomita moja huwa na hatua 1,000 hivi. Basi katika kilomita nane kila mguu hupokea mapigo 4,000. Mfupa usiopewa nafasi ya kujijenga huuma, na hatimaye huweza kupata ufa. Maumivu ya misuli huenea, na hupungua baada ya siku chache. Ya mfupa hukaa mahali pamoja, mara nyingi kwenye muundi, pawezapo kuonyeshwa kwa kidole kimoja, nayo huzidi kwa kukimbia. Mwenye dalili hiyo aache kukimbia, amwone daktari.

Mtu mwenye afya ambaye hajawahi kukimbia na ajipe miezi sita. Siku tatu kwa wiki, zisizofuatana, zinatosha. Ile kanuni mashuhuri ya kuongeza asilimia 10 kila wiki ni desturi ya makocha kuliko matokeo ya maabara, ila inamzuia mwenye pupa.

Na kwa nini 21, si 42? Kukimbia hugharimu takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mkimbiaji wetu, basi, hutumia 60 kwa kilomita. Akiba ya wanga katika misuli na ini, iitwayo glaikojeni, ina kilokalori 2,000 hivi. Wanafunzi na wagawanye: ni kilomita 33. Mafuta ya mwilini husaidia, lakini hutoa nguvu polepole. Marathoni kamili, yenye kilomita 42.195, ingoje mwaka wa pili.