Kuimba kwa Sauti ya Mwingine: Riziki ya Jioni na Haki ya Mwenye Wimbo

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuhudhuria arusi au dansi la Jumamosi ambako mtu ambaye siku za kazi ni karani, mwalimu au fundi cherehani alipanda jukwaani akaimba wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, na wazee wakaacha vinywaji mezani wakaingia uwanjani. Mbaraka alifariki dunia mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, lakini sauti yake ingali ikiwapatia wengine riziki. Je, kazi hii ya kuenzi sauti ya mwingine ina faida gani kwa nyumba ya mfanyakazi, na ina hatari gani?

Kuunganisha ajira na muziki si jambo geni kwetu. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam. Lakini bendi hizo zilitunga nyimbo zao. Waigaji ni kundi jingine: wao hushika nafasi ya msanii ambaye hapatikani tena. Huko Uingereza, The Bootleg Beatles walianza mwaka 1980, miaka 10 baada ya The Beatles kuvunjika. Huko Australia, Björn Again walianza kuiga ABBA mwaka 1988.

Wako waliofika mbali kwa njia hiyo. Arnel Pineda wa Ufilipino alikuwa akiimba nyimbo za wengine katika kumbi za Manila. Mwaka 2007 mpiga gitaa wa bendi ya Journey ya Marekani alimwona katika video za intaneti, akamwita awe mwimbaji wao. Hata hivyo, msomaji, bahati ya mmoja isikufanye uandike barua ya kuacha kazi.

Tazama kwanza ugumu wenyewe. Mbaraka aliimba na kupiga gitaa la solo yeye mwenyewe. Anayetaka kumuenzi hana budi kujifunza mambo mawili kwa pamoja, na wasikilizaji wanaoukumbuka wimbo tangu ujana wao hawasamehi noti iliyokosewa. Mazoezi hayo hufanyika jioni, saa ambazo watoto wanamngoja baba au mama.

Pili, piga hesabu. Kutoka katika malipo ya usiku mmoja ondoa nauli, nyuzi za gitaa, kodi ya vyombo na mgawo wa wenzako. Kinachobaki ndicho pato, wala si kile kilichotajwa na mwenye arusi. Dai sehemu ya malipo kabla ya siku yenyewe, na mapatano yaandikwe. Kadhalika, kubaliana na mwenzi wako ni siku ngapi kwa mwezi utakesha. Mashine ya kiwandani haijui kwamba jana ulishangiliwa. Mkono wenye usingizi huumia.

Tatu, na hili ndilo husahauliwa, wimbo una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliilinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo za mtu aliyefariki mwaka 1979 zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Katika nchi nyingi mwenye ukumbi au mwandaaji wa dansi ndiye anayelipa ada ya muziki unaopigwa hadharani. Basi muulize kama amelipa. Kurekodi wimbo huo na kuuuza ni jambo jingine, nalo huhitaji idhini yake. Nyuma ya kila wimbo wa marehemu huenda yuko mjane au yatima ambaye urithi wake ni huo tu.

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kuiga si aibu. Wengi walijifunza gitaa kwa kuiga. Aibu ni kuficha jina la mtunzi, au kubadili maneno mawili na kudai wimbo ni wako. Kwa hiyo, kabla ya kuimba, mtaje mtunzi kwa jina lake mbele ya watu wote. Na katika saa zako za mazoezi, tenga hata nusu saa kwa utungo wako mwenyewe, ili wanao nao warithi kitu.