Ghala la sukari na maswali ya watoto: familia ndani ya makumbusho ya London

Mtoto anayetembezwa London huonyeshwa kwanza kasri la mfalme, saa ya Big Ben na daraja la Tower Bridge. Huyaona matunda ya utajiri wa jiji hilo. Chanzo chake haambiwi. Chanzo hicho kimeelezwa bila kificho ndani ya ghala moja la matofali mashariki mwa jiji, na mzazi anayempeleka mwanawe huko hana budi kujiandaa kwa maswali.

Ghala hilo ni London Museum Docklands, tawi la makumbusho ya historia ya jiji la London. Lilifunguliwa kwa wageni mwaka 2003 katika eneo la West India Quay, chini ya majengo marefu ya mabenki ya Canary Wharf. Makao makuu ya makumbusho hayo, yaliyokuwa London Wall tangu mwaka 1976, yalifunga milango yake Desemba 2022 ili kuhamia Smithfield, lakini tawi la Docklands liliendelea kupokea wageni. Kuingia ni bure.

Jengo lenyewe ni ushahidi

Mzazi asianze na makabati ya vioo. Aanze na kuta. Ghala hili lilijengwa mwaka 1802, mwaka uleule yalipofunguliwa magati ya West India, kwa ajili ya kuhifadhi sukari, kahawa na ramu kutoka visiwa vya Karibiani. Kabla ya hapo meli zilisongamana katika mto Thames zikingoja kupakua, na shehena ikaibwa. Wafanyabiashara wakataka bandari yao wenyewe, yenye kuta ndefu na walinzi.

Mmoja wa vinara wa mradi huo alikuwa Robert Milligan, mwenye mashamba ya miwa nchini Jamaica. Alipofariki mwaka 1809 alihesabiwa kuwa na watumwa 526. Sanamu yake iliyosimama mbele ya ghala hilo iliondolewa tarehe 9 Juni 2020, wiki mbili baada ya George Floyd kuuawa nchini Marekani.

Kwa hiyo mtoto anapogusa mihimili ya mbao ya ghala hilo, hagusi mfano uliotengenezwa ili kufundishia. Anagusa mahali penyewe ambapo jasho la watu waliotekwa Afrika liligeuzwa kuwa mali.

Chumba cha sukari na utumwa

Mnamo Novemba 2007, miaka 200 tangu Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa, makumbusho hayo yalifungua chumba maalumu kuhusu London, sukari na utumwa. Mgeni hukutana na orodha ya meli zilizotoka London kwenda kununua watu. Safari zao zilikuwa za pembe tatu: bidhaa kutoka Uingereza hadi Afrika Magharibi, binadamu kuvuka Atlantiki, kisha sukari kurudi London.

Humo pia imewekwa meza inayohusishwa na Thomas Fowell Buxton na wenzake waliopigania sheria ya mwaka 1833 ya kukomesha utumwa katika makoloni mengi ya Uingereza. Hapa ndipo mzazi anapostahili kutua, kwa sababu sheria hiyo ina jambo ambalo watoto hulielewa haraka kuliko wakubwa: haki iliyopinduliwa. Serikali ilitenga fidia ya pauni milioni 20. Fedha hizo hawakupewa waliotumikishwa, bali waliowatumikisha. Walioachiwa huru walilazimika kuendelea kuwatumikia mabwana wao wa zamani, wengi wao hadi mwaka 1838.

Serikali ilikopa ili kulipa fidia hiyo, na deni hilo lilimalizwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba muuguzi kutoka Mombasa au dereva kutoka Unguja aliyekatwa kodi nchini Uingereza kabla ya mwaka huo, naye alichangia.

“Na sisi je?”

Mtoto mwenye asili ya Afrika Mashariki atauliza kama waliopakiwa katika meli hizo walikuwa jamaa zake. Jibu la kweli ni kwamba wengi wao walitoka Afrika Magharibi na ya Kati. Lakini pwani yetu haimo nje ya hadithi hii.

Karibu na Tower Bridge, katika bandari ya zamani ya St Katharine, lingali limesimama jengo la karne ya 19 liitwalo Ivory House, yaani nyumba ya pembe za ndovu. Katika karne hiyo Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe, zilizobebwa mabegani mwa wapagazi na watumwa kutoka bara hadi pwani, kisha zikauzwa ng'ambo kutengenezewa vitufe vya piano na mipini ya visu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba nayo yalilimwa na watumwa. Sayyid Barghash alifunga soko la watumwa mwaka 1873 kwa shinikizo la Uingereza, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Huko nako, fidia ilitengwa kwa mabwana.

Hivyo mzazi hawezi kumwambia mwanawe kwamba dhambi hii ilikuwa ya wageni peke yao. Miongoni mwa wazee wetu walikuwamo waliouzwa, na walikuwamo waliouza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Familia inayoficha upande mmoja wa habari zake huwaachia watoto kuusikia kwa wengine, na kwa maneno ya wengine.

Namna ya kutembelea

Ziara huanzia ghorofa ya tatu na kushuka kwa mpangilio wa miaka. Watoto wadogo wana chumba chao cha kuchezea, Mudlarks, na wakubwa kidogo hupendezwa na vichochoro vya giza vya mtaa wa mabaharia wa karne ya 19, vilivyojengwa upya ndani ya ghala. Chumba cha utumwa kinahitaji utulivu. Ni bora kukiingia mapema, kabla miguu haijachoka, na kumtaka kila mtoto achague kitu kimoja atakachokieleza jioni.

Mazungumzo hayo ya jioni ndiyo sehemu kubwa ya ziara. Simu ikipigwa kwa bibi aliyeko Tanga au Pemba, akaulizwa nani alichuma karafuu na shamba lilikuwa la nani, mtoto atafahamu kwamba historia ya London haikuishia London. Na huenda bibi akasema jambo ambalo hajawahi kuulizwa.