Pikapu Ikila Mafuta Kupita Kiasi, Kagua Sensa ya Oksijeni



Hapa Bugene pikapu moja ya zamani hufanya kazi za magari matatu. Asubuhi inabeba mbolea na miche, mchana inashusha mikungu ya ndizi na magunia ya maharage, na usiku ikipigiwa simu inampeleka mama mjamzito Hospitali ya Nyakahanga. Katika msimu wa kahawa haipumziki kabisa. Vikundi vingi, zahanati na taasisi za dini katika wilaya za Karagwe na Kyerwa zina gari la namna hiyo, lililonunuliwa kwa michango ya watu wengi. Gari hilo likianza kula mafuta kupita kiasi, fedha inayopotea ni ya dawa, ya mbegu, au ya safari ya mgonjwa ambayo haitafanyika.

Katika toleo hili tunaeleza kifaa kimoja kidogo ambacho mara nyingi ndicho chanzo cha tatizo hilo: sensa ya oksijeni. Hii si sensa ya kuhesabu watu kama ile ya mwaka 2022, ingawa nayo inahesabu. Inachohesabu ni hewa ya oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa gari.

SENSA HII INAFANYA KAZI GANI?

Ili petroli iungue vizuri inahitaji hewa ya kutosha. Kwa uzito, kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, moshi unakuwa mweusi na mafuta yanapotea bure. Petroli ikipungua, injini inakosa nguvu na inaweza kupata joto kupita kiasi.

Zamani kazi ya kupima mchanganyiko huo ilifanywa na kabureta, na fundi aliirekebisha kwa bisibisi huku akisikiliza mlio wa injini. Magari yaliyofuata yakawekewa nozeli zinazoongozwa na kompyuta ndogo. Kompyuta hiyo haina macho, hivyo inahitaji kuambiwa kilichotokea baada ya mafuta kuungua. Mwambiaji ni sensa ya oksijeni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitengeneza kwa ajili ya magari, na magari ya kwanza kuuzwa yakiwa nayo yalikuwa Volvo mwaka 1976.

Sensa inafanana kidogo na plagi. Imefungwa kwenye bomba la ekzosi karibu na injini, ncha yake ikiwa ndani ya moshi. Ndani yake kuna udongo maalumu wa kauri wenye madini ya zirkonia. Ukishapata joto la zaidi ya nyuzi 300 hivi, udongo huo hutoa umeme mdogo kulingana na tofauti ya oksijeni iliyo ndani ya moshi na iliyo nje. Petroli ikiwa nyingi hutoa karibu volti 0.9, hewa ikiwa nyingi hutoa karibu volti 0.1. Kompyuta husoma umeme huo mara kwa mara, ikiongeza na kupunguza mafuta kidogo kidogo.

Sensa ikichoka, kompyuta hupata habari za uongo au haipati habari kabisa. Ikikosa habari hutumia kipimo cha kukadiria, na kwa kawaida kipimo hicho humimina mafuta zaidi ili injini isiharibike. Gari linaendelea kutembea, na ndiyo maana wengi hawashtuki mapema. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama ya sensa hii kunaweza kuboresha matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 40.

JE, PIKAPU YENU INAYO?

Swali hili liulizwe kabla ya kununua chochote. Pikapu nyingi za zamani tunazoziona barabarani ni za dizeli, kama Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L. Hizo hazina sensa ya oksijeni. Zikitoa moshi mweusi, angalieni chujio la hewa, nozeli na pampu. Pikapu za petroli zenye kabureta, kama zile za injini ya 22R, kwa kawaida nazo hazina.

Pikapu za petroli zenye nozeli, kwa mfano za injini ya 22R-E au 3RZ-FE, nyingi zinayo, lakini si zote. Baadhi zilitengenezwa kwa ajili ya nchi zilizokuwa bado zinatumia petroli yenye madini ya risasi, na risasi huua sensa hii haraka sana. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Kwa hiyo leo risasi si tatizo tena, lakini gari la zamani linaweza kuwa halikuwekewa sensa tangu kiwandani. Fuateni bomba la ekzosi kuanzia kwenye injini. Mkiona kifaa chenye waya 1 hadi 4 kimefungwa juu yake, ndicho hicho.

DALILI ZA SENSA ILIYOCHOKA

Zifuatazo ni dalili za kawaida:

1. Mafuta yanaisha upesi kuliko zamani kwa safari zile zile.
2. Moshi mweusi na harufu kali ya petroli kwenye ekzosi.
3. Plagi zikifunguliwa zinakutwa na masizi meusi makavu.
4. Injini inatetemeka ikiwa imesimama, au inakosa nguvu mlimani.
5. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Kumbukeni kwamba sensa haifanyi kazi ikiwa ya baridi. Gari likisumbua asubuhi tu na kutulia likipata moto, tatizo huenda liko kwingine.

MSIMWADHIBU SHAHIDI

Mafundi wengine wakiona tu taa ya injini hushauri sensa mpya papo hapo. Sensa ni shahidi. Pengine anasema kweli na mkosaji ni mwingine. Bomba la ekzosi likiwa na ufa kabla ya sensa, huvuta hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza petroli, na gari linakula mafuta ilhali sensa ni nzima. Barabara zetu za vijijini zenye makorongo hulegeza sana mabomba hayo. Vivyo hivyo, chujio la hewa lililojaa vumbi, mpira wa hewa uliopasuka, nozeli inayovuja au sensa ya joto la maji iliyokufa vinaweza kuleta dalili zile zile. Vikaguliwe kwanza, kwani kuvikagua ni bei nafuu.

Kisha pimeni sensa yenyewe. Tumieni testa ya namba, si ya mshale, maana umeme wa sensa ni mdogo. Injini ikiwa imepata moto vizuri, mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Pimeni waya wa habari bila kuuchomoa. Sensa nzima hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Katika sekunde 10 inapaswa kubadilika mara 8 au zaidi. Ikikaa mahali pamoja, au ikibadilika kwa uvivu, imechoka. Sensa ya waya 3 au 4 ina hita ndani yake. Hita ikikatika, nayo huwasha taa ya injini.

Toyota za petroli za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina njia rahisi. Kwenye kiboksi cha ukaguzi chini ya boneti, unganisheni tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha fungueni swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini itapepesa. Ikipepesa mara 2, ikatulia, kisha mara 1, hiyo ni namba 21, ya sensa ya oksijeni. Someni maandishi ya kifuniko vizuri; kuunganisha matundu yasiyo sahihi kunaweza kuunguza kompyuta.

KUNUNUA

Chukueni namba ya chesisi na sensa ya zamani mkienda dukani, iwe ni Kayanga, Omurushaka, Bukoba au Mwanza. Hesabuni waya na linganisheni soketi. Sensa nyingi za Toyota hutengenezwa na kampuni ya Denso, na zipo bandia zenye boksi la kuvutia. Sensa iliyotolewa kwenye gari bovu haifai, kwa kuwa hamjui imebakiwa na umri gani. Kwa makadirio, sensa isiyo na hita hudumu kilomita 50,000 hadi 80,000, na yenye hita hufika hata 160,000.

KUBADILISHA, HATUA KWA HATUA

1. Simamisheni gari mahali tambarare na penye hewa. Msiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa petroli una sumu isiyo na harufu ambayo huua. Mkiinua gari, wekeni stendi imara. Jeki peke yake isiaminiwe.

2. Acheni injini ipoe hadi iwe vuguvugu. Ekzosi ya moto inaunguza, na ikiwa baridi kabisa nati hung'ang'ania.

3. Toeni waya wa hasi wa betri, kisha chomoeni soketi ya sensa kwa kubonyeza kilimi chake. Msivute waya.

4. Nyunyizeni mafuta ya kulainisha kutu na subiri robo saa. Rudieni ikibidi.

5. Fungueni. Sensa ya kuzungushwa hutumia spana namba 22. Toyota nyingi za zamani zina sensa yenye mbawa mbili, iliyoshikwa na nati mbili na gasketi. Nati ikigoma, irudisheni mbele kidogo kisha nyuma. Msilazimishe mpaka bolti ikakatika.

6. Safisheni mahali pa kukaa. Kwa ile ya mbawa, wekeni gasketi mpya.

7. Pakeni grisi ya kuzuia kutu kwenye nyuzi tu, ikiwa kiwanda hakijapaka. Ncha isiguswe na mafuta, grisi wala vidole vichafu. Sensa iliyoanguka sakafuni msiifunge, kwani kauri hupasuka ndani kwa ndani.

8. Ingizeni kwa mkono kwanza, kisha kazeni. Mwenye spana ya kupimia akaze nyutonimita 40 hadi 45 kwa sensa ya kuzungushwa, na karibu 20 kwa nati za mbawa.

9. Pitisheni waya mbali na ekzosi, rudisheni soketi na betri. Washeni injini, sikilizeni kama kuna uvujaji.

Kama sensa mpya haina soketi na inabidi kuunga waya, msichome kwa risasi ya kuungia. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya, na risasi huziba njia hiyo. Tumieni viungio vya kubana. Kwa Denso, waya mbili nyeusi ni za hita, bluu ni ya habari na nyeupe ni ya ethi. Kwa Bosch, nyeupe mbili ni za hita, nyeusi ni ya habari na kijivu ni ya ethi. Anayezichanganya ataua sensa siku hiyo hiyo.

ISIFE TENA MAPEMA

Injini inayokula oili au kuvujisha maji ndani itaiziba sensa mpya kama ilivyoiziba ya zamani. Gundi za silikoni zisizoandikwa kuwa salama kwa sensa zisitumike kwenye injini. Jihadharini pia na petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ambayo huacha masizi. EWURA ilianza kuweka alama maalumu kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabaini wachakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kwa sababu hiyo hiyo. Nunueni kwenye kituo chenye risiti. Petroli ya kwenye chupa kando ya njia haina anayeijibia.

Wapo wanaoshauri kuchomoa waya wa sensa na kuendelea na safari. Gari litakwenda, lakini litakuwa linakadiria kila siku. Petroli inayozidi pia husafisha oili kwenye kuta za silinda, na huunguza masega ya ekzosi kama bado yapo.

DAFTARI LA DEREVA

Mwisho, tunashauri kila kikundi kiwe na daftari. Jazeni tangi, andikeni kilomita. Mkijaza tena, andikeni lita na kilomita. Tuchukue mfano wa pikapu inayokwenda kilomita 1,000 kwa mwezi. Ikitumia lita 12 kwa kila kilomita 100, inahitaji lita 120. Ikipanda hadi lita 15, inahitaji lita 150. Tofauti ni lita 30 kwa mwezi, yaani lita 360 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya petroli ya leo, kisha linganisheni na bei ya sensa.

Kutoka Bugene hadi Kyaka ni kilomita 59 hivi. Kwa pikapu ya mfano wetu, lita hizo 360 zingetosha kwenda na kurudi mara 25. Kikao kijacho cha kikundi kikae na daftari hilo mezani, na dereva aulizwe namba zake kama mweka hazina anavyoulizwa za kwake.

Tunawatakia safari njema.