UZAZI HAUNGOJI MSIMU



Huenda mkashangaa kumwona mkaguzi wa vyama akiandika habari za uzazi. Sababu ni hii. Miaka kadhaa iliyopita, nikikagua chama kimoja cha msingi katika nchi ya pamba, nilikuta ndani ya kitabu cha fedha kikaratasi cha mwanachama aliyeomba kukopeshwa nauli ya kumpeleka mkewe hospitali usiku. Hapakuwa na hati ya malipo. Mweka hazina alikuwa safarini na ufunguo wa kasha, na masharti ya chama hayakuwa na kifungu cha dharura. Gari lilipatikana asubuhi. Mama alipona, mtoto hakupona. Hesabu za chama zilikuwa sahihi, nami sikuwa na hoja ya kuandika.

Mwaka 1994 wataalamu Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mzazi huponzwa na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akiisha kufika. Mawili ya kwanza yamo kwa sehemu kubwa mikononi mwetu.

Kuhesabu siku

Chukueni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongezeni siku 7, kisha rudini nyuma miezi 3. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Machi huelekeza kwenye tarehe 17 Desemba, ingawa mtoto aweza kutangulia au kuchelewa kwa majuma mawili. Angalieni basi: Desemba fedha za pamba zimekwisha, mvua zinanyesha, na mito imejaa. Fedha za uzazi hutengwa siku ya malipo ya pamba, si siku ya uchungu.

Kuchagua mahali pa kujifungulia

Mama aanze kliniki kabla ya majuma 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8. Huko hupimwa damu na shinikizo la damu, hupewa vidonge vya kuongeza damu na chanjo ya pepopunda, na huelezwa mahali panapomfaa. Mume akiweza afuatane naye, na wamuulize mkunga maswali matatu: Usiku yupo mhudumu? Upasuaji na damu ya kuongezewa vinapatikana wapi? Gari la wagonjwa huitwaje?

Zahanati haifanyi upasuaji. Kwa hiyo mama aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, mwenye shinikizo kubwa la damu, au ambaye mtoto amekaa vibaya tumboni, apange mapema kujifungulia hospitali, au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji. Akiwa anakaa mbali, asogee karibu kabla ya siku zake, kwa ndugu au katika nyumba ya kungojea kama ipo. Lakini hata mama asiye na tatizo lolote aweza kutokwa na damu ghafla akiisha kuzaa, na damu hiyo huua kwa muda wa saa mbili tu. Mpango wa safari ni wa kila mama.

Dalili zisizongoja asubuhi

Kutokwa na damu, kuumwa sana kichwa au kuona maluweluwe, degedege, homa kali, kuvimba uso na mikono, chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ionekanapo mojawapo, safari ianze mara moja. Mama asingojeshwe ruhusa ya mume aliye mbali. Ruhusa hiyo itolewe mapema.

Wajibu wa chama

Mkutano Mkuu waweza kupitisha mfuko mdogo wa dharura, wenye kifungu chake katika masharti, kiwango cha mkopo kinachojulikana, na daftari lake peke yake. Watajwe watu wawili wa kuidhinisha malipo, ili mmoja akisafiri mwingine awepo. Katibu abandike ofisini majina ya wenye magari na pikipiki waliokubali kuitwa usiku, pamoja na nauli iliyoafikiwa.

Naomba jambo hili liingizwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao. Nitakapokuja kukagua, nitaliuliza daftari hilo kama niulizavyo kitabu cha fedha.