Ngalawa: Gogo Jembamba, Tanga Kubwa

Ngalawa ni chombo kidogo cha wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki. Huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, na huendeshwa kwa tanga au kwa kafi. Urefu wake ni kama mita 5 au 6, na tumbo lake ni jembamba mno. Vyombo vya pwani hii huchanganywa sana majina, hasa ughaibuni, ambako kila chenye tanga la pembetatu huitwa dau. Pwani kila kimoja kina mahali pake: mtumbwi ni gogo tupu, dau na mashua huundwa kwa mbao, jahazi ni kubwa la kubebea shehena. Ngalawa ni gogo lenye mirengu.

Mirengu ndiyo akili yote ya chombo hiki. Miti miwili hulazwa kukatiza gogo, mmoja mbele, mwingine nyuma. Kila upande, kwenye ncha za miti hiyo, hufungwa ubao uliochongoka mbele. Bila hiyo, gogo jembamba lenye mlingoti lingepinduka kwa upepo wa kwanza. Upepo unapokilaza chombo, ubao wa upande wa demani, unakoelekea upepo, hukandamiza maji, nayo maji huusukuma juu; upande wa joshi, unakotoka upepo, uzito wa miti na ubao huvuta chini, na baharia akihitajika hukaa hukohuko. Kwa hiyo ngalawa hubeba tanga kubwa kuliko umbo lake. Tena haizami sana majini, hivyo hupita juu ya matumbawe ambako mashua ingekwama, na hapo ndipo penye samaki wa madema na mishipi.

Asili yake inastahili kujulikana zaidi. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja mitumbwi na vyombo vya kushonwa katika pwani hii, mirengu hakiitaji. Mirengu ya pande mbili ni fani ya Indonesia na Ufilipino, na mtaalamu wa Kiingereza James Hornell, aliyelinganisha vyombo hivi mwanzoni mwa karne ya 20, aliihusisha ya kwetu na ile ya Indonesia. Ushahidi mwingine uko jirani: Kimalagasi ni ndugu wa lugha za Borneo, na Wakomoro nao wana chombo wanachokiita galawa. Yaelekea mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka Indonesia kwenda Bukini, yaani Madagaska, waliacha ufundi wao pia huku.

Siku hizi miembe minene ni adimu, na boti za faiba zenye mashine zinaongezeka kwa kuwa hufika mbali zaidi. Hata hivyo mashine hutaka mafuta kila siku. Mvuvi anayetega karibu na mwamba bado hupata katika ngalawa chombo anachoweza kukimudu, na Unguja resi za ngalawa zingali zikivuta watu ufukweni.