Jinsi Haragwe Linavyotembea Katika Sinema

Wasikilizaji, yamkini mmepata kuona katika sinema kijiko kikitembea mezani peke yake, au vijiti vya kiberiti vikijipanga safu kama askari. Wako wasemao kuwa ni uchawi. Sivyo, ni kazi ya mikono, na mtoto wa shule aweza kuifanya.

Picha ya sinema, kwa hakika, haiendi. Ni picha nyingi zilizotulia, zipitazo upesi, 24 katika kila sekunde, hata jicho lisiweze kuzitenga. Basi ukipiga picha ya haragwe, ukalisogeza kidogo, ukaondoa mkono, ukapiga tena, na kuendelea hivyo, picha zikipitishwa mfululizo haragwe litaonekana linakwenda lenyewe. Mkono hauonekani kwa kuwa haukuwapo wakati wa kupiga.

Ustadi huu si mpya. Mwaka 1907 J. Stuart Blackton wa Marekani alionyesha kisu kikikata mkate pasipo mtu. Katika Dola ya Urusi ya wakati ule Ladislas Starevich alitaka kupiga sinema ya wadudu wakubwa wenye pembe wakipigana, lakini chini ya taa kali walilala tu. Akatwaa waliokufa, akawatia miguu ya waya, akawasogeza hatua kwa hatua. Yasimuliwa kwamba wako watazamaji wa Ulaya waliodhani amewafundisha wadudu walio hai. Basi asichekwe mtu wa shamba akistaajabu.

Wewe utahitaji kamera, au simu ya mkononi yenye kamera, na programu ndogo ya kuunganisha picha. Ifunge imara isitikisike. Usitegemee jua, maana halisimami. Kivuli kitatambaa, na wingu likipita sinema yako itawaka na kuzimika kama taa mbovu. Funga dirisha, utumie taa moja.

Kwa mwanafunzi picha 12 kwa sekunde zatosha. Sinema ya sekunde 10 ni picha 120, yaani kazi ya alasiri nzima.

Walakini, wengi husogeza kitu kwa hatua zilizo sawasawa, na haragwe lao huteleza kama limekokotwa kwa uzi. Litazame gari moshi likiondoka stesheni: huanza polepole, hushika kasi, kisha hupunguza kabla ya kusimama. Hatua ya kwanza na iwe nyembamba kama unene wa senti, za katikati upana wa kidole, za mwisho zipungue tena. Ukitaka haragwe lisite mbele ya kikombe, kana kwamba linaogopa, piga picha sita pasipo kuligusa; hiyo ni nusu sekunde. Kisha lirudishe nyuma kidogo, halafu liingie. Hapo ndipo watoto watakapocheka.

Meza ikigongwa kwenye picha ya 90, ni vigumu mno kuirudisha ilipokuwa. Kwa hiyo, kabla ya picha ya kwanza, zungushia miguu ya meza alama za chaki sakafuni, na mlango ufungwe.